Siku moja tu kwenye mji wa pwani: anza na saa ya maji

Swali: "Msimu huu wa joto tumepata siku moja tu ya mapumziko, na tunataka kuimalizia kwenye mji wa pwani. Tuko watano: mimi, mke wangu, watoto wa miaka 9 na 4, na mama yangu mwenye miaka 68. Safari iliyopita tulifika ufukweni saa tano asubuhi, tukakuta maji yamekimbia mbali, tukakaa juani hadi jioni, tukarudi tumechoka kuliko tulivyokwenda. Tupange vipi safari hii?"

Ndugu msomaji, kosa umelitaja mwenyewe: saa tano. Saa hiyo jua linakaribia utosini, na siku ile maji nayo yalikuwa yamepwa. Mkafika wakati ambao ufukwe hauna cha kuwapa, kisha mkaungojea ubadilike huku mnaungua. Siku ya pwani haianzi na orodha ya mahali pa kutembelea, inaanza na kujua maji yatakuwa wapi saa ngapi. Ukishajua hilo, jua na upepo utavipanga kulizunguka, na mambo mengine yatajipanga yenyewe.

Pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban saa 24 na dakika 50. Maana yake kutoka maji kupwa kabisa hadi kujaa kabisa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku saa za jana husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Ziko pwani zinazojaa mara moja tu kwa siku, na ziko bahari zilizozingirwa na nchi kavu, kama Mediterania, ambako tofauti ni ndogo kiasi kwamba mtembeaji haioni. Kwa hiyo kwanza uliza kama huko mnakokwenda maji yanapwa kwa kiasi cha kujali. Kama tofauti ni ya mita mbili au zaidi, endelea kusoma. Kama ni ya sentimita 30, ruka hadi kwenye jua.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu rahisi: gawanya tofauti yote kwa 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme tofauti ya siku hiyo ni mita 3. Saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 25 tu, na utayaona kama yamelala. Saa ya tatu na ya nne yatapanda sentimita 75 kila moja. Kwenye ufukwe tambarare unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, hizo sentimita 75 ni karibu mita 38 za mchanga zinazofunikwa ndani ya saa moja. Ndiyo maana mkeka uliotandikwa "mbali kabisa na maji" saa tano hukutwa unaelea saa nane. Alama ya kuaminika ni ule mstari wa mwani mkavu na vijiti ulioachwa na maji yaliyopita: tandika juu ya mstari huo, si chini yake. Siku za kuelekea bamvua, yaani siku za maji makubwa kuliko kawaida, ongeza hatua kadhaa, kwa sababu maji ya leo yatapita ya jana.

Nimetaja bamvua, na hapa ndipo wengi wanapoacha faida kubwa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, maji hujaa sana na kupwa sana. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana, na mikondo hupoa. Kisha kuna jambo ambalo wavuvi wanalijua bila jedwali: mahali pamoja, bamvua huja na saa zilezile takriban, mwezi baada ya mwezi. Kama mji wenu siku za bamvua hujaa karibu na saa kumi jioni, basi wiki ya maji mafu utajaa karibu na saa nne asubuhi. Huwezi kuamuru bahari, lakini tarehe ya likizo mara nyingi unaichagua mwenyewe. Ningekuwa na mtoto wa miaka minne na uhuru wa kuchagua, ningechukua siku ambayo maji yanajaa ama kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, ama kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Katika nyakati hizo mbili maji yako karibu, mwendo wake umepungua, na jua haliumi.

Ukilipata jedwali la maji la mji huo, lisome kwa tahadhari tatu. Saa zake huandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 14:20 ni saa 8:20 mchana na 06:40 ni saa 12:40 asubuhi. Kosa la kusoma saa kwa saa linakutupa saa sita nje, yaani kwenye maji kupwa badala ya kujaa. Pili, baadhi ya nchi husogeza saa mbele kwa saa moja majira ya joto, na baadhi ya majedwali hayafanyi hivyo. Tafuta maelezo madogo chini ya ukurasa. Tatu, urefu wa maji ulioandikwa hupimwa kutoka kiwango cha chini cha ramani za bahari. Ukiona 0.3, usidhani ni kina cha pale utakaposimama.

Tuchukue mfano kamili. Maji yanapwa saa 4:40 asubuhi na kujaa saa 10:52 jioni. Familia yako ifike mjini saa mbili, au saa mbili na nusu ikichelewa. Asubuhi hiyo maji yanarudi nyuma, na kama kuna miamba, huu ndio wakati wa vidimbwi: kaa, konokono, samaki wadogo waliobaki mtegoni. Tokeni kwenda huko saa tatu, na ikifika saa nne na nusu nyuso ziwe zimeelekea nchi kavu, kabla maji hayajageuka. Anayengoja hadi aone maji yanarudi amechelewa, kwa sababu maji hayaji kutoka mbele peke yake. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, na fungu la mchanga ulilofikia kwa miguu mikavu huwa kisiwa.

Viatu vya mpira vinavyofunga kisigino ni vya lazima hapo. Ndala hubaki matopeni, na mguu mtupu hukutana na yule mnyama wa miiba mieusi aliyejikunja kama nungunungu. Mkipita kwenye maji ya mchanga yanayofika magotini, buruteni miguu badala ya kuinyanyua: samaki taa aliyejifukia akisikia mtikisiko ataondoka, lakini akikanyagwa atapiga kwa mkia. Akichoma mtu, au mwiba ukiingia, weka mguu ndani ya maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45, yale ambayo mkono wako mzima unayavumilia, kwa dakika 30 hadi 90, halafu mpeleke kituo cha afya. Maji yapimwe na aliye salama, kwani mwenye maumivu makali hahisi kwamba anababuka. Aliyeguswa na yavuyavu asijisugue mchanga wala asijimwagie maji baridi yasiyo na chumvi, maana hayo huchochea chembe za sumu zilizobaki kwenye ngozi. Asuuze kwa maji ya bahari, nyuzi za yavuyavu zitolewe kwa kibano, kisha maji ya moto. Mkojo ni hadithi, hausaidii. Siki inafaa kwa aina fulani na kudhuru kwa nyingine, hivyo waulizeni waokoaji wa ufukwe huo.

Saa tano ondokeni ufukweni. Najua inaumiza, mmesafiri kuja baharini na nawaambia mwondoke, lakini maji yako mbali na jua ndilo linaanza kazi yake. Zaidi ya nusu ya mionzi mikali ya siku hushuka katika saa mbili kabla ya jua la utosi na saa mbili baada yake. Kipimo cha mionzi hiyo ya urujuanimno hutolewa pamoja na utabiri wa hewa: ikifika 3 mtu ajikinge, na 8 kwenda juu ni kali sana. Bila simu, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Usidanganywe na mawingu mepesi, kwani yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi, wala na upepo, kwani kinachounguza si joto unalolisikia. Mtu aliyepulizwa na upepo mwanana wa saa nane huungua akiwa anastarehe, na wekundu au maumivu hufika kilele kati ya saa 12 na 24 baadaye, yaani mkiwa mmesharudi nyumbani.

Krimu ya kukinga jua wengi huipaka robo au nusu ya kiasi kinachotakiwa, ndiyo sababu huonekana haifanyi kazi. Mtu mzima anahitaji kama mililita 33 kwa mwili mzima: zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai usoni na shingoni, kiasi hichohicho kila mkono, na zaidi kidogo ya kijiko kizima kwa kifua na tumbo, kingine mgongoni, kingine kila mguu. Piga hesabu: watu wazima watatu mnamaliza karibu mililita 100 kwa mpako mmoja, na mpako hurudiwa kila saa mbili na kila mnapotoka majini. Chupa moja ya mililita 200 haifiki jioni. Badala ya kununua chupa tatu, vaeni mashati ya mikono mirefu na kofia zenye ukingo unaofunika masikio na kisogo, na krimu ya SPF 30 au zaidi ibaki kwa nyuso, viganja kwa juu, na miguu kwa juu, mahali panaposahaulika kuliko pote. Mpako wa kwanza upakwe dakika 20 kabla ya kutoka. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini haijawahi kuwa ngao kamili, na mwenye ualbino asitegemee krimu peke yake hata kwa nusu saa.

Kivuli cha mwavuli nacho si paa. Mchanga mkavu hurudisha karibu asilimia 15 ya mionzi na povu la bahari kama asilimia 25, na nyingine hutoka angani kila upande. Shati libaki mwilini hata chini ya mwavuli. Mti wenye majani mengi au kibanda ni bora, isipokuwa mnazi wenye nazi: chini yake asitandike mtu. Ukitumia mwavuli, mti wake usiuchomeke kwa nguvu mara moja. Uyumbishe mbele na nyuma huku ukiusukuma chini hadi uzame sentimita 45 hivi, kisha uuinamishe kuelekea upepo unakotoka. Ukiuinamisha upande wa pili, upepo utaingia chini yake na kuung'oa, na mwavuli unaoruka una ncha.

Saa sita hadi saa tisa ni za mji. Mitaa ya zamani ya miji mingi ya pwani ni myembamba na ina vivuli, na jumba la makumbusho au jengo lenye kuta nene huwa na ubaridi wake. Angalieni siku za kufunga, kwa mengi ni Jumatatu. Chagueni jambo moja, si matatu. Kisha chakula, kisha kulala. Ndiyo, kulala, mahali penye feni au upepo, dakika 40 hadi saa moja. Mtoto wa miaka minne asiyelala mchana atawatoza deni lake saa kumi na moja, wakati mzuri kuliko yote. Kama hamtakodi chumba, tafuteni mapema mahali panapowaruhusu kukaa muda mrefu mezani, na mvae nguo za kutembelea mjini. Vazi la kuogelea liishie ufukweni.

Chakula mkibeba wenyewe, gandisheni chupa za maji usiku uliotangulia na mzipange ndani ya deli badala ya vipande vya barafu. Bonge huyeyuka polepole kuliko vipande, na likiyeyuka mnalinywa. Vinywaji viwe kwenye deli lake na chakula kwenye lake, maana la vinywaji hufunguliwa kila dakika tano. Kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 kisizidi saa moja. Msikiache kwenye gari lililofungwa, wala dawa, wala mtoto "kwa dakika mbili": joto ndani hupanda nyuzi kama 10 katika dakika 10 za mwanzo.

Mama anahitaji kiti chenye mgongo na kimo cha kawaida. Viti vifupi vya ufukweni ni raha kukalia na adhabu kuinukia. Umri hupunguza hisia ya kiu, hivyo msimuulize kama ana kiu, mpeni kikombe kila nusu saa, ila kama daktari amemwekea kikomo cha maji. Akiwa anatumia dawa za presha, hasa zinazoongeza mkojo, amwulize daktari kabla ya safari jinsi ya kukabili joto. Kizunguzungu, kichefuchefu na jasho jingi maana yake apelekwe kivulini, alazwe miguu juu na anywe. Akianza kuchanganyikiwa maneno au kuzimia, hiyo ni dharura: mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na muite msaada papo hapo.

Saa tisa na nusu rudini ufukweni. Kwa mfano wetu, maji yameshapanda karibu sehemu 11 za zile 12, na yatatulia hapo karibu kwa zaidi ya saa mbili. Upepo wa bahari ulioanza kabla ya adhuhuri, nchi kavu ilipopata joto kuliko maji, bado unavuma kuja kwenu, na utalegea jua likishuka. Ukiona siku hiyo upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, maji karibu na ufukwe yatalala kama kioo na yataonekana salama kuliko siku zote. Ndiyo siku ya kuacha maboya ya kupulizwa kwenye buti la gari. Upepo huo hulichukua boya lenye mtoto kwa kasi inayomshinda mwogeleaji, na hakuna wimbi la kulirudisha. Kwenye fukwe nyingi zenye waokoaji, mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa ukipandishwa unasema hivyohivyo. Bendera nyekundu juu na njano chini: oga katikati ya mbili hizo. Nyekundu tupu: hatari, msiingie. Zambarau: kuna viumbe wanaochoma.

Kabla mtu hajalowa, simameni mahali palipoinuka mtazame maji kwa dakika 10. Mnatafuta pengo. Mawimbi yanavunjika kulia, yanavunjika kushoto, na katikati kuna ukanda ambao hayavunjiki, maji yake yana rangi nzito kuliko ya pembeni, uso wake umekunjamana, na povu au vipande vya mwani vinasafiri kuelekea nje. Mgeni huuona ukanda huo kama mlango uliotulia na humwingiza mtoto hapohapo. Kumbe ndiko maji yote yaliyoletwa na mawimbi yanakorudia baharini. Mkondo huo kwa kawaida huenda kama nusu mita kwa sekunde, na ukipata nguvu hupita mita mbili, kasi ambayo hata bingwa wa kuogelea haishindi. Anayenaswa hafi kwa kuvutwa chini, kwa sababu mkondo hauvuti chini. Anakufa kwa kuchoka akipigana nao. Alale chali aelee, ainue mkono mmoja kuomba msaada, na kama ana nguvu aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke kwenye ukanda, ndipo ageuke kurudi pale mawimbi yanapovunjika. Wewe uliye nchi kavu usimrukie mikono mitupu. Mtupie boya, ndoo ya plastiki iliyofunikwa, deli tupu, chochote kinachoelea, na umwite mwokoaji.

Kwa watoto wenu weka sheria moja ya watu wazima: mmoja ana zamu, hana simu, hana mazungumzo, na zamu ni dakika 15 kisha anamkabidhi mwenzake kwa kutaja jina. Watu wazima watatu wakiangalia wote kwa pamoja, hakuna anayeangalia. Mtoto anayezama hapigi kelele. Kichwa kimeinama nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inakandamiza maji kwa pembeni, na ndani ya dakika moja amekwisha kuzama. Yule wa miaka minne awe umbali wa mkono, hata kwenye maji ya magoti. Jingine lisilosemwa sana ni mashimo ya mchangani: lisizidi kina cha magoti ya mtoto mdogo kuliko wote, na lifukiwe mnapoondoka. Mchanga mkavu huporomoka bila sauti na ni mzito kuliko unavyoonekana.

Mvua kubwa ikinyesha siku moja au mbili kabla, msiogelee karibu na mifereji ya mji, na mlangoni mwa mto mngoje siku tatu. Uchafu wote wa barabarani huishia hapo.

Ondokeni saa moja kabla ya giza, mkiwa bado mnataka kubaki. Suuzeni chumvi kwa maji baridi kabla haijakauka mwilini, maana ikikauka ndiyo inayowasha chini ya mikanda ya nguo njia nzima. Mchanga kwenye miguu ya watoto msiusugue ukiwa mbichi, utachubua ngozi iliyokwisha kulainika kwa maji. Waketisheni na bibi yao dakika 10, miguu ikining'inia, ukauke, kisha upanguseni kwa taulo kavu: utadondoka wenyewe.